Katedrali ya mucanga hapa Mabanga: si mchezo wa watoto

Ndugu vijana wa Goma,

Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilimwaga moto ndani ya mji wetu. Katedrali ya Mtakatifu Yosefu ikaungua, katikati ya mji ikafunikwa, hata sehemu ya uwanja wa ndege. Kijana aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima, na katedrali ile hakuiona hata siku moja. Anakanyaga mawe tu. Hata Mabanga, jina la kwetu, kwa Lingala maana yake ni mawe.

Tunapendekeza hivi: tarehe 17 Januari ijayo, tuijenge tena kwa mucanga, mchana, mbele ya watu wote.

Kule India, Sudarsan Pattnaik amechonga Taj Mahal kwa mchanga ufukoni Puri. Hakutumia simenti. Unashindilia mucanga uliolowa ndani ya pipa lisilo na chini, tabaka juu ya tabaka. Unaondoa pipa, unachonga kutoka juu kushuka chini. Mapipa tuko nayo. Mikono tuko nayo.

Wengine watasema: "Maji tunanunua kwa bidoni, nyinyi mnamwagia mucanga?" Wana haki. Hatutaki hata bidoni moja ya maji ya kunywa. Mucanga hauchagui maji: yale ya kufulia, ambayo mama anamwaga kila asubuhi, yanatosha. Kila nyumba ilete ndoo moja ya maji machafu.

Sasa faida iko wapi? Iko kwa wazee. Ukichonga vibaya, mzee atasimama aseme: "Hapana mwanangu, mlango haukuwa hapo." Mwingine atabisha. Kisha wataanza kueleza moto ulipita wapi, wao walikimbilia wapi, nani alirudi kuchukua godoro akachelewa. Hayo ndiyo tunataka kusikia. Usiku wa 22 Mei 2021 volkano ilipolipuka tena, wengi wetu tulitoka mbio bila kujua njia ipi iko salama. Wazee walijua. Hatukuwahi kuwauliza.

Volkano haijalala. Mucanga utabomoka kwa mvua ya kwanza, na si neno: tutaukusanya tumpe jirani anayejenga.

Leteni ndoo. Na kila mmoja aje na mzee wake.