Spana sahihi ni sehemu ya mtaji

Mfanyabiashara anayevuka Rusumo, Mutukula au Namanga na gari lake mwenyewe anajua jinsi gereji inavyokula faida. Ndiyo maana wengi wetu hutengeneza breki nyumbani Jumapili, ili Jumatatu tuwahi soko. Hilo si kosa. Kosa ni kuifanya kazi hiyo kwa spana yoyote iliyo karibu.

Tuchukue nati inayofunga paipu ya breki. Ni ndogo, mara nyingi namba 10, na kwa matope ya barabara zetu hushika kutu. Ina pande sita. Spana flati huikamata pande mbili tu. Ukilazimisha, inateleza na kula pembe za nati. Spana ringi ya kawaida haiingii, kwa sababu paipu imepita katikati. Ipo spana ya kazi hiyo: ringi iliyokatwa mwanya mdogo wa kupitisha paipu, inayoikumbatia nati karibu pande zote.

Asiye nayo hukimbilia plaizi. Nati inaharibika, paipu inajisokota, na kazi ya nusu saa inageuka kuwa safari ya kutafuta paipu mpya. Baya zaidi ni nati iliyoharibika ikaachwa bila kukazwa sawasawa. Mafuta ya breki yatavuja polepole, na dereva atagundua akiwa mteremkoni, gari limejaa magunia.

Mtasema spana hiyo ni ghali kwa kitu kinachotumika mara moja kwa mwaka. Ni kweli, kwa mtu mmoja. Lakini tunachangia gari la mizigo, tunakodi stoo pamoja, na vikundi vya akiba viko pande zote za mpaka. Watu kumi wanashindwaje kununua seti moja, ikatunzwa na mweka hazina na kuazimwa kwa kuandikwa daftarini? Waongeze stendi mbili za chuma, maana jeki ni ya kuinulia gari, haitoshi kumlinda mtu aliyelala chini yake.

Na mahali ambapo spana hiyo haipo, paipu ya breki isiguswe; kazi apewe fundi aliye nayo. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Katika kikao kijacho cha kikundi chenu, jambo hili liwekwe kwenye ajenda kabla mtu hajaingia barabarani.