Monita Ikizima, Mnaihukumu Kadi Bure

Mwandishi aliyeshauri kwamba monita ikizima ghafla tununue kadi mpya ya picha, haraka ya nini? Huku Kisarawe umeme ukichezacheza, mimi naanza kuishuku pawasaplai.

Giza likiingia, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiitikia, mashine ingali hai: kagua waya wa monita, kisha azima monita ya jirani. Giza likija kila ukifungua gemu zito, pima waya wa njano wa pawasaplai kwa mita. Unatakiwa kutoa volti 12. Zikishuka chini ya 11.4, mtuhumiwa umempata.

Ndani ya pawasaplai yangu nilikuta kapasita mbili zimevimba kama maandazi. Na ile kadi "iliyokufa", eti? Ndiyo inayonionyesha maneno haya.