Ardhi ya Shule: Nani Asemaye Kwamba Imezidi?

Kiwanja cha shule kikipungukiwa na watoto hakikai siku nyingi kabla hakijaanza kutazamwa. Mmoja atasema pajengwe nyumba za kupangisha, mwingine atasema pawe mahali pa kuegesha malori, wa tatu atanyamaza kwa sababu amekwisha kwenda kwa mpima ardhi. Neno linalofungua njia ni lile lile kila mahali: ardhi hii ni ya ziada. Leo nataka tulitazame neno hilo. Nitachukua mfano wa mbali, jimbo la California huko Marekani, kwa kuwa wenzetu wa kule wameliwekea sheria hatua kwa hatua, na hata hivyo limewaumiza.

Huko shule za umma haziendeshwi na wizara moja kutoka mji mkuu. Ziko chini ya wilaya za shule, na kila wilaya ina halmashauri yake inayochaguliwa na wananchi wa mahali pale. Katika miaka ya 1970 idadi ya watoto ilipungua sehemu nyingi za California. Kisha, mwezi wa Juni 1978, wapiga kura walipitisha Proposition 13, iliyoweka kikomo cha kodi ya nyumba na ardhi kuwa asilimia 1 ya thamani yake. Kodi hiyo ilikuwa nguzo kubwa ya shule. Madarasa matupu na mfuko mtupu vikakutana, na halmashauri nyingi zikaanza kuuza au kupangisha.

Lakini haziuzi ovyo. Kwa kawaida, kabla ya kuuza au kupangisha ardhi iliyozidi, halmashauri lazima iteue kamati ya ushauri yenye watu wasiopungua 7 wala kuzidi 11. Sheria inataja ni watu wa namna gani: wazazi, walimu, wasimamizi wa shule, wafanya biashara, wenye ardhi au wapangaji wa mtaa ule, na wajuzi wa mambo ya mikataba, ujenzi na mipango ya ardhi. Tena kamati hiyo yapasa ifanane na watu wa wilaya kwa asili zao, umri wao na hali zao za maisha. Nimefurahi kuona mpangaji ametajwa. Kwetu mpangaji huhesabiwa kama mpita njia, ijapokuwa watoto wake ndio wanaojaza madarasa.

Kazi ya kamati si kutafuta mnunuzi. Kazi yake ya kwanza ni kuhesabu: watoto ni wangapi, miaka ijayo watakuwa wangapi, na je, ni kweli pana nafasi iliyozidi? Halafu hupanga orodha ya matumizi ambayo watu wa pale wanaweza kuyakubali, huitisha mikutano ya hadhara, na mwisho hupeleka taarifa kwa halmashauri. Tusidanganyane, hiyo ni kamati ya ushauri tu, na halmashauri inaweza kuukataa ushauri wake. Ila itaukataa mbele ya watu, na taarifa ikiwa imeandikwa.

Baada ya hapo vyombo vya umma hupewa nafasi ya kwanza. Iko sheria ya mwaka 1980, iitwayo Naylor Act, inayouwezesha mji kununua sehemu ya kiwanja cha michezo cha shule kwa bei iliyo chini ya ile ya soko, ili watoto wa mtaa wasikose pa kuchezea. Vyombo hivyo visipochukua, halmashauri hupitisha azimio kwa theluthi mbili za wajumbe wake wote, ikitaja bei au kodi ya chini kabisa. Zabuni hufunguliwa hadharani. Mtu akitaka kupandisha bei kwa mdomo pale pale, lazima aipite zabuni kubwa ya maandishi kwa asilimia 5 au zaidi.

Watu wengi huja siku ya zabuni, wakapiga kelele. Siku hiyo mambo yamekwisha. Vita huwa ni pale penye kuhesabu watoto, siku ambayo ukumbi una viti vitupu na mhasibu mmoja mwenye makaratasi.

Na hesabu hiyo hukosewa. Huko Palo Alto shule iliyoitwa Terman ilifungwa mwaka 1978, na mahali pale pakapita mikononi mwa serikali ya mji. Miaka ikapita, watoto wakaongezeka tena. Mwaka 2001 shule ilifunguliwa upya mahali pale pale, lakini ili kuirudisha wilaya ililazimika kutoa ardhi nyingine: kiasi cha eka 8 za Cubberley, shule ya sekondari iliyofungwa mwaka 1979. Waliweza kufanya mabadilishano hayo kwa sababu Cubberley haikuwa imeuzwa. Ilikuwa imepangishwa kwa serikali ya mji, ikatumika kwa shughuli za wananchi. Kama nayo ingekuwa imekwenda kwa wajenzi wa nyumba, wangebadilishana na nini?

Hapa nina neno kwa viongozi wa vyama vyetu. Mwajiri akibanwa na mishahara hupenda kusema, ‘Tuuze ardhi, mlipwe.’ Maneno hayo ni matamu kwa mtu mwenye deni dukani. Sheria ya California kwa kawaida inakataa: fedha za kuuza ardhi ya shule ni za majengo na matengenezo makubwa, si za kulipia gharama za kila siku. Naona ni haki. Mshahara ni wa kila mwezi na ardhi huuzwa mara moja. Chama kinachokubali kulipwa kwa kiwanja kimeahirisha mgogoro wake miezi michache tu, na kimewapa wazazi sababu ya kukichukia.

Wako waliofanya vizuri zaidi. Wilaya ya shule za sekondari iitwayo Jefferson Union, huko Daly City, haikuuza ardhi yake. Ilijenga nyumba 122 juu yake, zikafunguliwa mwaka 2022, za walimu na wafanyakazi wengine wa wilaya, kwa kodi iliyo chini ya ile ya soko. Wapiga kura walikuwa wameidhinisha mkopo wa dola milioni 33 mwaka 2018 kwa ajili hiyo. Ardhi ikabaki ya shule, na mfanyakazi akapata paa.

Msiniambie kwamba haya ni ya Wazungu. Tarehe 19 Januari 2015, mjini Nairobi, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walikuta kiwanja chao kimezungushiwa ukuta. Walipoandamana polisi waliwarushia mabomu ya machozi. Pale hapakuwa na kamati iliyohesabu, wala azimio, wala zabuni iliyofunguliwa mbele ya mzazi. Baada ya kelele za nchi nzima kiwanja kikarudi kwa shule. Zipo shule nyingi zisizo na bahati ya kupigwa picha na magazeti.

Sisi tunaokaa katika kambi za mashamba na mitaa ya viwandani tuko hatarini zaidi, kwa kuwa shule nyingi za watoto wetu zimekaa juu ya ardhi ya kampuni, na ahadi ni ya mdomo. Shamba likiuzwa, shule huuzwa pamoja na mibuni. Kwa hiyo katika mkutano ujao wa wazazi mfanyakazi mmoja asimame aulize: hati ya kiwanja hiki iko kwa nani, imeandikwa jina gani, na mipaka yake ilipimwa lini? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na nakala iletwe katika tawi la chama.