GARI NA NYUMBA YAKO: Usikate springi kwa ajili ya Jumapili moja

Sehemu kubwa ya magari yanayoendeshwa Kenya, na mengine mengi ya Uganda na Rwanda, yalikanyaga ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza katika bandari ya Mombasa. Gari likishashuka melini na kulipiwa ushuru, mara nyingi hupita Makupa, likakata Kibarani na kushika njia ya Changamwe kuelekea bara. Kibarani, ambako kwa miaka mingi watu walikujua kwa jaa la taka na harufu yake tu, ndiko springi za Japani huanza kuonja barabara za kwetu. Daraja la Makupa lililofunguliwa mwaka 2022 limelainisha kipande hicho, lakini malori ya makontena yangali yanapita usiku na mchana, na matuta yanakungoja huko mbele.

Nimeanza na Kibarani kwa sababu mada ya leo inahusu vijana, na wazee pia, ambao wana gari moja tu la nyumbani, nao mara mbili au tatu kwa mwaka hupenda kulipeleka uwanjani wakalikimbiza dhidi ya saa. Huenda ikawa ni kupinda baina ya koni juu ya lami pana, au otokrosi juu ya changarawe kama zile zilizowahi kufanyika uwanja wa Jamhuri, Nairobi. Hatuna ugomvi na mchezo huo. Afadhali mtu amalize hamu yake ndani ya uwanja kuliko barabara ya Malindi usiku wa manane, jambo ambalo Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inalikataza waziwazi. Ila kwa mkazi wa Mombasa uwanja aghalabu uko Nairobi au karibu yake. Gari hilo hilo litapanda kilomita 480, likimbie, kisha literemke kilomita 480 nyingine, na Jumatatu asubuhi lipeleke watoto shule.

Sasa kijana hufika gerejini akasema, "Fundi, nikatie koili moja mbele na moja nyuma, gari lilale chini." Fundi mzuri humwuliza, "Na mamako utampakia wapi?" Fundi mwenye njaa huchukua msumeno. Malipo ya kukata springi ni pesa ya chai, ilhali shokabsoba nne mpya ni karo ya muhula, na ndiyo maana msumeno hushinda.

Tufanye hesabu kidogo. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiukata mmoja, hubaki na 5, na ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20 papo hapo. Shokabsoba ni ile ile ya zamani, iliyotengenezwa kutawala springi laini, kwa hiyo gari litarukaruka baada ya kila tuta. Fauka ya hayo, ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikalio chake. Gurudumu likining'inia, springi yaweza kuchomoka. Na faida yake je? Chukua gari ambalo kitovu cha uzito wake kiko kama sentimita 53 kutoka ardhini. Ukilishusha sentimita 3, uzito unaohamia magurudumu ya nje kwenye kona utapungua kwa asilimia 6 hivi. Tairi nzuri zitakupa zaidi ya hapo bila msumeno.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Corolla 110, Subaru Impreza na gari dogo kama Vitz, yote yana mguu wa mbele wa aina ya MacPherson, ambao Ford waliutumia katika Consul na Zephyr mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika mguu huo, ule mkono wa chini utokao kwenye chasisi hutakiwa ulale sawa, au uinamie kidogo upande wa gurudumu. Ukishusha gari kupita kiasi, mkono huo huinuka upande wa gurudumu, na ile nukta ambayo mwili wa gari huizunguka wakati wa kulala kwenye kona huporomoka chini haraka kuliko kitovu cha uzito. Hivyo gari lililoshushwa laweza kulala ubavu zaidi kuliko lilivyokuwa! Halafu shokabsoba hufika mwisho wa safari yake na kugonga raba ya kuzuia. Hapo gurudumu huwa kama limeshikwa kwa simenti, na tairi huteleza ghafla bila kukuonya.

Tuna ushahidi wa nyumbani. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na ambayo miaka mingi ilishuka hadi huku Pwani, haikushindwa kwa magari yaliyolala chini. Joginder Singh aliishinda mara tatu, mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta aliishinda mara tano: 1973, kisha mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Mwaka 1975 ilikwenda kwa Peugeot 504 ya Ove Andersson, gari la ukoo mmoja na zile teksi za masafa marefu ambazo baba zetu walizipanda. Magari hayo yaliinuliwa, yakapewa shokabsoba za nguvu na nafasi kubwa ya gurudumu kupanda na kushuka, kwa kuwa gurudumu lililo hewani halishiki kitu. Kwenye lami tambarare nafasi hiyo yaweza kupunguzwa, lakini sababu haibadiliki. Hata Colin Chapman wa Lotus, aliyekuwa akitengeneza magari ya mbio huko Uingereza, alipata sifa kwa springi zisizo ngumu sana zikitawaliwa na shokabsoba zilizopimwa vizuri.

Basi mwenye gari moja aanzie wapi? Aanze na kilichochakaa. Gari lililokwisha tembea miaka kumi lina bushi zilizopasuka na boljointi zinazocheza, na hakuna kifaa cha bei ghali kitakachofanya kazi juu ya bushi mbovu. Liinue kwa jeki, weka stendi, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Kisha kushoto na kulia. Ukisikia mlio au mchezo, fedha yako ya kwanza imepata kazi. Kwa wakazi wa Pwani, chungulia pia springi zenyewe pale chini zinapokaa, kwa maana hewa ya chumvi huzila kimyakimya hapo penye uchafu na maji, na springi ya namna hiyo huvunjika siku usiyoitarajia.

Zinafuata shokabsoba. Yenye kuvuja mafuta imekwisha, wala haihitaji mjadala. Tairi iliyolika kwa mawimbi mawimbi nayo ni dalili. Nunua mpya mbili mbili za ekseli moja, ngumu kidogo kuliko za kiwandani, na uziache springi za kiwandani mahali pake. Kwa maoni yangu, mtu wa Jumapili mbili kwa mwaka angeweza kuishia hapo, na watu watatu kati ya wanne wanaolalamika kwamba gari lao "halikai barabarani" wangeondoka wameridhika. Zile shokabsoba za kuzungusha na kupandisha au kushusha gari utakavyo ni nzuri zikiwa za kampuni ya kuaminika, lakini za bei poa ni afadhali uziache dukani.

Alainmenti ndipo penye utamu wa bei nafuu. Magurudumu ya mbele yakilalia ndani kwa juu kwa digrii 1 hadi 1 na nusu, tairi itakanyaga kwa upana wake wote gari linapolala kwenye kona. Impreza nyingi zina boliti ya kurekebishia jambo hilo pale shokabsoba inaposhikana na gurudumu. Ukiligusa hilo, lazima upime upya jinsi magurudumu yanavyotazama mbele, maana yamekwisha sogea. Kuna watakaokushauri uyafungue kidogo kwa mbele ili gari liingie kona upesi. Ni kweli litaingia, lakini kabla hujafika Mtito Andei tairi zitakuwa zimeanza kulika upande wa ndani, na usukani utatangatanga kila lori likupitapo. Yaache sambamba.

Stabilaiza nene ya nyuma iwe ya mwisho kabisa. Gari la kuvutwa mbele likikataa kuingia kona, chuma hicho husaidia sana uwanjani. Lakini mvua za Aprili na Mei zikinyesha, na mama watoto akikanyaga breki ghafla katikati ya kona ya maji, mkia wa gari waweza kumpita. Kama hatakuwa ameonywa, usiifunge.

Nikiwa hapo kwa mama watoto: mwambie unakwenda wapi. Hati nyingi za bima za magari ya kibinafsi huondoa ajali zinazotokea katika mashindano au majaribio ya mwendo. Ukilivunja gari uwanjani huenda bima isilipe senti, na mwezi ujao nyumba nzima itapanda matatu. Mwenzako ana haki ya kulijua hilo kabla, si baada. Soma hati yako, au mwulize ajenti akujibu kwa maandishi.

Wiki ya safari, badilisha mafuta ya breki. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa haina upungufu wa unyevu. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzijoto 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi 155, na hapo pedali huzama.

Siku yenyewe, chukua kipimo cha upepo, chaki na daftari. Toa gurudumu la akiba na mizigo yote. Paka chaki ukingoni mwa tairi, kuanzia pale panapokanyaga ardhi hadi ubavuni, kisha piga mizunguko mitatu. Chaki ikifutika mpaka ubavuni, tairi inalala mno, ongeza upepo kidogo. Ikibaki hata pale penye meno ya tairi, umejaza mno. Pima tairi zikiwa moto, maana zitakuwa zimepanda paundi 4 au zaidi tangu asubuhi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja hatajua ni kipi kilichomsaidia.

Jioni, breki na tairi zikishapoa, rudisha upepo kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango, kaza nati za magurudumu yote manne, rudisha gurudumu la akiba. Ukifika Voi, simama unyooshe miguu na uzikague nati hizo tena.