Pete ya Almasi kwa Mwenye Kipato Kidogo

Miongoni mwa ada zilizoingia katika miji yetu taratibu, kisha zikakaa kana kwamba zimezaliwa humo, ipo ada ya mwanamume kumvalisha mchumba wake pete ya almasi mbele ya hadhara. Sina nia ya kuishutumu, kwa kuwa pete ni pambo zuri na ahadi ya ndoa ni jambo linalostahiki kupambwa. Bali nina neno juu ya gharama yake, kwa sababu naona vijana wenye mishahara midogo, walimu, makarani, madereva na wauguzi, wakijitumbukiza katika mikopo ya simu kwa ajili ya jiwe ambalo hawajui hupimwa vipi, wala hawakuambiwa na yeyote kwamba siku ya dhiki wakitaka kuliuza litawarudishia sehemu ndogo tu ya fedha waliyoitoa. Rai yangu ni kwamba mwenye kipato kidogo anaweza kununua almasi bila ya aibu na bila ya deni, lakini kwa sharti kwamba ainunue kama pambo, asiinunue kama akiba. Na akishalikubali sharti hilo moyoni, mambo mengi yaliyokuwa yakimtisha dukani yatamwondokea yenyewe.

Kwanza na aulize ni nani aliyemwekea kipimo. Kampuni ya De Beers, iliyoundwa mwaka 1888 katika machimbo ya Afrika Kusini, ilikuwa na almasi nyingi kuliko wanunuzi, na mwaka 1938 ikawaajiri mawakala wa matangazo wa N. W. Ayer wa Marekani wawafunze vijana wa nchi ile kwamba posa isiyo na almasi ni posa pungufu. Mwaka 1947 mwandishi mmoja wa mawakala hao, Frances Gerety, akatunga maneno machache ya kusema kwamba almasi ni ya milele, na katika miaka ya 1980 matangazo ya kampuni hiyo yakathubutu kutaja kiasi chenyewe, yaani mshahara wa miezi miwili. Ujapani, ambako mwaka 1967 hata maharusi 5 katika 100 hawakufika waliovalishwa pete ya almasi, hesabu ilikuwa imepanda mwaka 1981 hadi kiasi cha 60 katika 100, na taifa lenye mila kongwe za ndoa likawa limepokea mila mpya katika muda usiotosha mtoto mchanga kukua akaolewa. Kwa hiyo kijana wa Temeke au wa Kisauni anayejilaumu kwa kutofikia mishahara miwili ajue kwamba anajilaumu kwa sheria ambayo hakuitunga kadhi wala padri, wala wazee wake hawakuijua. Sisi wa pwani tuna mapokeo yetu, na Waislamu miongoni mwetu wamesikia tangu chuoni habari za yule sahaba fakiri aliyetaka kuoa, akaambiwa na Mtume atafute mahari japo pete ya chuma. Na alipoikosa hata hiyo, akaozwa kwa Kurani aliyoihifadhi.

Hata hivyo almasi si ngeni kwetu hata tuitazame kama kitu cha watu wengine. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, baada ya miaka ya upweke na ufukara katika nyika za Shinyanga, aliyapata mawe ya Mwadui, na katika mwaka uleule wa 1947 likaibuka kutoka mgodini mwake jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54 na nusu, ambalo alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa hidaya ya harusi. Mafundi wa London walipokwisha kulichonga likabaki karati 23.6. Msomaji na akizingatie kiasi hicho, maana ndani yake imo siri ya bei: zaidi ya nusu ya jiwe lile adimu ilikwenda na vumbi, kwa hiari ya fundi, ili sehemu iliyobaki ipate kuuchukua mwanga na kuurudisha. Fundi mwenye tamaa ya uzito angalilichonga kwa choyo, akabakiza karati nyingi zaidi na nuru kidogo.

Mafundi wa namna hiyo wapo, na kazi zao zimo madukani. Almasi hupimwa kwa karati, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu; kisha hutazamwa rangi yake, ambayo hupangwa kwa herufi kuanzia D, iliyo nyeupe kabisa, hadi Z, iliyoingia umanjano; kisha hutazamwa usafi wake wa ndani, na mwisho ustadi wa mchongo. Muuzaji huanza na karati kwa kuwa ndiyo mnunuzi anayoifahamu na ndiyo majirani watakayoiuliza, lakini mwenye fedha chache nampa nasaha aipe nafasi ya mwisho na auweke mchongo mbele. Marcel Tolkowsky, mtoto wa ukoo wa wachonga almasi wa Antwerp, alichapisha mwaka 1919 hesabu za pembe zinazofaa katika jiwe la duara, na kwa kuzifuata hesabu hizo au zile zilizosahihishwa baada yake, mwanga unaoingia juu huzunguka ndani na kutoka tena juu, machoni pa mtazamaji. Jiwe likiwa na kina kupita kiasi mwanga hutokea chini ukapotea, na zaidi ya hayo uzito wake hujificha kiunoni, mnunuzi akalipia kitu ambacho hakionekani kidoleni. Likiwa bapa mno, katikati yake hufifia kama jicho la samaki aliyelala sokoni.

Kuhusu uzito wenyewe, ipo hesabu ambayo natamani kila kijana aijue kabla hajavuka kizingiti cha sonara. Almasi ya duara ya karati moja iliyochongwa vizuri ina upana wa milimita 6 na nusu hivi, na ya nusu karati ina upana wa milimita 5 na kidogo. Maana yake, aliyechukua nusu ya uzito amepata karibu sehemu nne katika tano za upana. Lakini bei haikupungua kwa nusu, imepungua kwa zaidi sana, kwa sababu mawe makubwa ni adimu na kila karati ya jiwe kubwa huuzwa ghali kuliko karati ya jiwe dogo. Kadhalika bei hupanda ghafla palipo na namba kamili zipendwazo na watu, kama nusu karati na karati moja, hata jiwe la karati 0.9, ambalo upana wake umepungukiwa na robo hivi tu ya milimita, hupatikana kwa bei nafuu kwa sababu tu mwenye nalo hawezi kujifaharisha kwamba limetimia moja.

Kadhalika rangi. Wanawake wa kwetu aghalabu hupenda dhahabu ya manjano, na katika dhahabu ya manjano jiwe la daraja la J au K, ambalo likiwekwa katika dhahabu nyeupe lingeonyesha umanjano wake, huonekana jeupe bila ya tashwishi, kwa kuwa jicho hulinganisha rangi na kilicho kando yake. Kulipia jiwe la daraja la D kisha kulizungushia dhahabu ya manjano ni israfu iliyo wazi. Na usafi wa ndani, ule unaoonekana kwa kioo cha kukuzia mara kumi, si hoja kwa pete ya mkononi. Latosha jiwe ambalo doa lake halionekani kwa jicho tupu, na ambalo doa hilo, likiwapo, halikufika ukingoni likawa ufa.

Sasa nifike kwenye almasi za maabara, ambazo zimezua mabishano mengi kuliko yanayostahili. Desemba 1954 wataalamu wa kampuni ya General Electric katika mji wa Schenectady, Marekani, walifaulu kutengeneza almasi kwa joto na mgandamizo mkubwa, na leo hutengenezwa pia kwa kukuza kaboni kutoka katika gesi, tabaka juu ya tabaka. Jiwe litokalo humo ni almasi kwa ugumu wake, kwa mng'aro wake na kwa asili ya mata yake, hata kile kifaa cha joto ambacho masonara hukitumia kubainisha almasi na kioo hakiwezi kulitenga na la ardhini. De Beers yenyewe, iliyokuwa ikishikilia kwamba haitauza kitu hicho, ilianza mwaka 2018 kukiuza kwa dola 800 kila karati, na tangu hapo bei za soko zimezidi kushuka. Yuko atakayesema kwamba jiwe hilo halina thamani ya kudumu, nami nakubali. Lakini aliyekwisha kuamua kwamba ananunua pambo hana cha kuogopa katika maneno hayo. Ninachokikataza kwa nguvu zangu zote ni kumficha mchumba. Mwanamume anayemvalisha binti wa watu jiwe la maabara na kumwachia adhani limetoka Mwadui ameianza ndoa kwa khiana, na siku sonara mwenye chombo bora atakapolipima jiwe hilo, kitakachobaki bila kuvunjika kitakuwa almasi peke yake.

Akiba ni jambo jingine, na kwa akiba bibi zetu walikuwa na maarifa ambayo matangazo hayakuyafuta. Mwanamke wa Unguja, wa Lamu au wa Mombasa aliyepewa bangili, kidani au herini za dhahabu alijua kwamba anapambwa na kuwekewa dhamana kwa wakati mmoja, maana dhahabu hupimwa kwa mizani, bei yake ya siku hujulikana na kila sonara wa mtaa, na ikiuzwa au ikiwekwa rehani kinachopotea ni ujira wa fundi zaidi ya kitu kingine. Almasi haina soko la namna hiyo. Hakuna bei moja ya siku kwa kila karati, kila jiwe lina hukumu yake, na duka lililoliuza jana kwa bei ya rejareja halina sababu ya kulinunua leo ila kwa bei ya jumla au chini yake, ikiwa litakubali kulinunua. Basi mwenye shilingi za kupata pete na kitu cha kumlinda mwenzake siku ya maradhi, na azigawe mafungu mawili: fungu dogo kwa jiwe, fungu kubwa kwa dhahabu, na dhahabu yenyewe iwe na muhuri unaosomeka, 750 kwa ile ya usafi wa karati 18, 585 kwa ya 14, 375 kwa ya 9.

Akiwa dukani, ajihadhari na taa. Masonara huweka taa zenye miale mikali juu ya kabati za vioo, na chini ya taa hizo hata jiwe lililochongwa ovyo humetameta. Aombe ruhusa alipeleke mlangoni penye mwanga wa mchana usio wa jua kali, kisha kivulini, alitikise polepole na kutazama kama katikati panabaki giza lisilotikisika. Kisha aichukue pete aipitishe juu ya kitambaa laini, mtandio au ncha ya shuka, upande wa vile vikucha vinavyolishika jiwe. Kikucha kikivuta uzi, kazi haikumalizwa, na pete hiyo kwenye mkono unaokanda unga, unaofua na unaomvalisha mtoto itakwaruza, itanasa, na siku moja itafunguka na kulidondosha jiwe katika maji ya kuoshea vyombo. Vikucha sita hulinda kuliko vinne. Na yeyote atakayemfuata nje ya duka na jiwe lisilochongwa ndani ya karatasi, akidai kwamba limetoka mgodini na kwamba anauza kwa shida, na aachwe aende zake, kwani biashara ya almasi ghafi bila leseni ni kosa katika sheria za Tanzania, na mara nyingi kilichomo katika karatasi ile ni kipande cha kioo.

Wako pia wanaonishauri niseme kwamba kijana aiache almasi kabisa achukue kito kingine. Sioni vibaya, mradi ajue kuchagua. Yakuti samawi za bonde la Umba, kule Tanga, zina ugumu wa 9 katika kipimo ambacho almasi ni 10, na zinaweza kuvaliwa maisha yote. Spineli za Mahenge, zenye wekundu unaovutia, zina 8. Tanzanaiti, ambayo kila mmoja wetu angependa kumvalisha mchumba kwa sababu haichimbwi mahali pengine duniani ila Mererani, ina ugumu wa 6 hadi 7 tu, na kidoleni kwa mwanamke mwenye kazi za mikono itapata mikwaruzo mapema. Huyo na avalishwe tanzanaiti katika kidani au herini.

Lililobaki si la mnunuzi. Vyama vya masonara na idara zinazosimamia biashara zinaweza kulifanya bila ya sheria mpya wala gharama: kila pete ya almasi itoke dukani na stakabadhi iliyoandikwa kwa Kiswahili, yenye uzito wa jiwe na daraja la rangi na usafi wake, kama limetoka ardhini au maabara, karati za dhahabu, na kiasi ambacho duka hilohilo liko tayari kukilipa mwenye pete akilirudisha jiwe baada ya mwaka mmoja. Muuzaji mwaminifu hatadhurika kwa kuiandika namba hiyo ya mwisho, na kijana anayesimama mbele ya kabati la kioo akiwa na simu mkononi, tayari kuomba mkopo, ana haki ya kuisoma kabla hajabonyeza.