STAA ANATAMBA NA TRENI YA BUSTANINI, FUNDI HAJALIPWA

Wadau, staa mmoja wa Bongo anajimwaga mitandaoni na treni yake ndogo ya kuzungusha bustanini. Reli yake ni milimita 45, yaani ile reli yetu ya zamani ya mita moja imepunguzwa kama mara 22 hivi. Vigari vingi vya kuchezea vya madukani vimepunguzwa mara 64, ukiviweka pembeni treni inakuwa ghorofa! Vya 1:24 vinaendana, ila vingi ni magari ya kifahari ya wenzetu. Daladala utaitoa wapi?

Ndo akaitwa kijana wa mtaani. Kapima, kakata bati, kapiga rangi na mstari wa ruti ya Mbagala, hadi konda kaning'inia mlangoni. Malipo? "Nitakutag." Hajatag, na kwenye video anasema kaagiza China. Jamani!

Na nyie mashabiki mnaosema eti dogo kapata jina, jina gani wakati hata halijatajwa? Mtu anaagiza mabehewa Ujerumani halafu anashindwa hela ya bati? Dogo mpaka leo anadaiwa rangi dukani.