Kikokotoo hakikuuliza kama ananyonyesha

Jamani, leo nawalaumu wenzangu tunaoandika programu, nami nikiwemo. Ile idadi ya kalori ambayo simu inakupa ni makisio tu, na sisi tunaionyesha kana kwamba imetoka kwenye mizani.

Dada yangu ana miaka 27, kilo 60, sentimita 160. Programu ikamwambia 1,565 kwa siku. Nikapiga hesabu mwenyewe kwa kanuni ya Mifflin na St. Jeor ya mwaka 1990, iliyotokana na vipimo vya watu 498 huko Marekani: 10 mara uzito, ongeza 6.25 mara urefu, toa 5 mara umri, toa 161. Jibu 1,304. Hiyo ni ya mwili uliopumzika. Kisha ikazidishwa kwa 1.2, kwa sababu alipoulizwa kuhusu mazoezi alijibu hafanyi. Kweli, jimu haendi. Lakini anapandisha mitungi ya maji hadi ghorofa ya nne na anafua kwa mikono, mtoto mgongoni! Angechagua 1.55 angepata 2,021. Kubofya mara moja tu, tofauti ya kalori 456.

Tena ananyonyesha mtoto wa miezi minne. FAO na WHO huongeza takriban kalori 500 kwa siku katika miezi sita ya kwanza. Programu haikuuliza, naye alikuwa ameshaanza kupunguza ugali.

Mtasema watumiaji hawapendi maswali mengi. Swali hilo ni mistari mitatu tu ya programu, ndugu zangu! Nimemwambia aifute na arudie sahani yake.